Hedifoni za Jeep ya Vita: Anza na Redio

Wenzangu mnaoingia kazi ya kufufua magari ya Vita vya Pili vya Dunia hapa Nakuru, hedifoni zitawasumbua mwisho kabisa, pesa ikiwa imeisha na mwenye gari anapiga simu kila asubuhi. Msizinunue kabla ya kujua gari lilibeba redio gani.

Mimi nilinunua kwanza. Jeep yangu ya kwanza ilitoka shambani upande wa Njoro, Willys MB, nami nikaamua hili ni gari la Mmarekani. Nikaagiza HS-30, zile hedifoni nyembamba zenye vipira vya kuingia sikioni ili askari avae kofia ya chuma juu yake. Zilinigharimu sana. Zilipofika, fundi wa rangi alikuwa ameshakwangua boneti, na chini ya rangi ya shambani ikatokea herufi M na tarakimu zikifuata. Hiyo ni nambari ya jeshi la Uingereza. Jeep za jeshi la Marekani nambari zao zilianza na 20. Waingereza walipewa Jeep nyingi chini ya Lend-Lease, mpango wa 1941 wa Marekani wa kuwapa washirika wake vifaa vya vita, wakazifunga redio zao wenyewe. Kwa hiyo kwangueni rangi kwanza, taratibu, kwa msasa laini na maji.

Redio ya Kiingereza mtakayokutana nayo zaidi ni Wireless Set No. 19. Zilizotengenezwa Kanada huwa na maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi pamoja, kwa kuwa nyingi zilikusudiwa Wasovieti. Msizikatae kwa sababu hiyo. Hedifoni zake zimeungwa pamoja na maikrofoni ya mkononi, na plagi yake huchomoka yenyewe ikivutwa, ili askari anayeruka nje asinaswe na waya. Kwa Wamarekani, hedifoni huingia kwa plagi PL-55 ya robo inchi, na maikrofoni kwa PL-68 iliyo nyembamba kidogo. Fundi hodari anaweza kubadilisha plagi, lakini ukinzani wa umeme wa hedifoni usipolingana na wa redio, sauti itatoka kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndiyo maana HS-30 ina waya CD-605 wenye transfoma ndogo katikati ya kulinganisha ukinzani huo. Muuzaji akiwauzia HS-30 bila waya huo, mmepata nusu. Tena kumbukeni Jeep ni volti 6 na No. 19 inataka 12, kwa hiyo tengeni nafasi ya betri za redio peke yake.

Kupima ni rahisi. Wekeni mita ya umeme kwenye omu, kipimo cha ukinzani, mguse ncha za plagi huku sikio likiwa ndani. Mkisikia "tak!" hafifu, koili ni nzima. Mita ikisoma chini ya omu zilizoandikwa kwenye hedifoni msiitupe hedifoni, kwani mita hupima kwa umeme wa moja kwa moja, na sauti si umeme wa namna hiyo. Maikrofoni ya Kimarekani T-17 ikiwa bubu, igongeni polepole kiganjani: chembe za kaboni ndani hugandamana zikikaa miaka mingi.

Mkinunua kwa mtandao, ombeni picha ya plagi na ya mihuri. Picha ya masikio haisaidii sana. Lebo yenye nambari ndefu inayoanza na 5965 ni ya baada ya vita, hata muuzaji aape. Vifaa vya Waingereza vya wakati wa vita huwa na mshale, alama ya mali ya serikali yao, na nambari ya stoo inayoanza na ZA.

Waya wa hedifoni ndio huharibika zaidi. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa shaba uliozungushiwa uzi wa pamba, na pasi ya kulehemu huunguza pamba kabla risasi haijashika. Mimi huufunga kwanza kwa uzi mwembamba wa shaba, mizunguko sita au saba, kisha naugusa kwa haraka na kuondoa. Waya wa pasi ya nguo wenye kitambaa utawatamanisha, lakini ni mnene mno. Nunueni kamba za viatu za pamba zilizo wazi katikati, rangi ya kaki, mpitishe waya mpya ndani. Mimi huzipata soko la Kibuye, Kisumu. Chukueni zilizo ndefu: kitambaa hufupika kinapotanuka.