Mkataba kabla ya ndoa na kuishi pamoja nchini India

Dada yangu, umeuliza kama mkataba kabla ya ndoa ya Kihindu utakulinda, na kama mnaweza kuanza kuishi pamoja Dehradun, mji mkuu wa jimbo la Uttarakhand. Usiutegemee mkataba peke yake, kwa kuwa mahakama za India zinaweza kuutangua chini ya Sheria ya Mikataba ya 1872 zikiuona unakiuka maslahi ya umma; jimbo la Goa, lenye sheria ya kiraia iliyorithiwa kwa Wareno, linautambua. Kuishi pamoja kunaruhusiwa, na sheria ya 2005 dhidi ya ukatili wa nyumbani inakulinda mkiishi kama mume na mke, lakini tangu Januari 2025 jimbo la Uttarakhand linawataka mjiandikishe kwa msajili ndani ya mwezi mmoja, la sivyo mnaweza kufungwa hadi miezi 3. Nakusihi uanze na kujiandikisha huko, kisha uhifadhi risiti za vito vyako mwenyewe.