Ujumbe wa sauti ofisini: ukishausikiliza, kazi ndiyo kwanza inaanza

Mtu akikuachia ujumbe wa sauti, kwa upande wake amemaliza. Ameeleza shida yake, ametaja jina na namba, amekata simu akiamini jambo lake limefika ofisini. Kuanzia hapo mzigo ni wako, ujue usijue.

Nimefanya kazi ya kuhudumia wateja kwa simu kwa miaka mingi, na malalamiko makali kuliko yote niliyokutana nayo hayakutoka kwa watu ambao simu zao hazikupokelewa. Yalitoka kwa watu walioacha ujumbe, ujumbe ukasikilizwa, kisha kimya. Simu isipopokelewa mtu hujaribu tena baadaye. Aliyeacha ujumbe hajaribu tena, anasubiri kupigiwa. Siku ya tatu anapopiga mwenyewe, hapigi tena kwa ajili ya shida ile ya awali, anapiga kwa hasira.

Mfumo wenyewe haukusaidii sana katika hili. Chukua Asterisk, programu huria inayoendesha mitambo ya simu katika ofisi nyingi duniani. Kwa mpangilio wake wa kawaida, ukisikiliza ujumbe mpya kisha ukatoka, mfumo unauhamishia wenyewe kwenye folda ya ujumbe wa zamani. Taa ya simu ya mezani inazimika. Taa ile inajua jambo moja tu, kwamba kuna ujumbe ambao haujasikilizwa. Kama umempigia mtu au hujampigia, haina habari. Ofisi inayojiongoza kwa taa itaona kila kitu kiko sawa huku watu wanasubiri.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wapya wasifungue kisanduku cha ujumbe wakiwa hawana nafasi ya kushughulikia watakachokisikia. Asubuhi utamkuta mtu amesimama, begi bado liko begani, anasikiliza kwa spika huku anawasha kompyuta. Amesikiliza vitu sita, anakumbuka viwili. Kaa kwanza. Shika kipokezi cha simu, maana spika inawapa ofisi nzima siri za mteja na pia inameza herufi. Weka karatasi na kalamu mbele yako. Andika nani kapiga, namba yake, anataka nini, na anataka lini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mtu anayesema "naomba jibu kabla ya mchana" na anayesema "ukipata nafasi wiki hii" si sawa, lakini kwenye kumbukumbu yako baada ya nusu saa watakuwa wamefanana.

Kisha amua kabla hujaenda kwenye ujumbe unaofuata: nampigia mimi, nampelekea mwenzangu, au nafuta. Kuhifadhi tu hakumo katika orodha hiyo. Nimeona visanduku vya watu wazuri, wachapakazi, vikiwa vimejaa ujumbe uliohifadhiwa wa miezi, na kila mmoja alihifadhiwa kwa nia njema ya kurudiwa baadaye. Hifadhi ujumbe pale tu sauti yenyewe ina umuhimu: mteja ametoa idhini kwa mdomo, au kuna mgogoro na utahitaji kuthibitisha alichosema. Hata hapo, andika kwenye daftari sababu ya kuuhifadhi na tarehe ya kuufuta.

Kuna jambo moja linastahili kuangaliwa kwa karibu, nalo ni namba ya simu. Mpigaji anaeleza mambo yake taratibu, dakika nzima, na akifika kwenye namba anaimwaga yote kwa pumzi moja na kukata. Anaijua kwa moyo, kwa hiyo haioni kuwa ndefu. Wengi wetu tunakosa tarakimu mbili za katikati, halafu tunarudia ujumbe wote tangu mwanzo, na tukifika palepale tunakosa tena. Usirudie wote. Karibu kila mfumo una kitufe cha kurudi nyuma kidogo tu. Kwenye Asterisk ni nyota (*) wakati ujumbe unaendelea kucheza, na kwa kawaida inarudi sekunde tatu. Alama ya reli (#) inasogeza mbele kiasi hichohicho. Subiri namba itajwe, andika unachokipata kwa mafungu ya tarakimu tatutatu, bonyeza nyota mara mbili, jaza palipobaki wazi. Kisha linganisha na namba ambayo mfumo umeirekodi kuwa ndiyo iliyopiga. Kwenye Asterisk unaipata kwa kubonyeza 3 kuingia kwenye huduma za ziada, halafu 3 tena. Utasomewa tarehe, saa na namba. Zikitofautiana, anza na ile aliyoitamka. Huenda alipiga kwa kutumia simu ya mapokezi ya ofisi yao, na ukipiga kule utazungushwa.

Sasa onyo kuhusu vitufe, hasa kwa aliyehama ofisi au ambaye ofisi yake imebadilisha mtambo. Vidole vina kumbukumbu yao. Kwenye Asterisk kitufe cha 7 kinafuta ujumbe na 9 kinauhifadhi. Kwenye Cisco Unity Connection, mfumo mwingine wa ujumbe wa sauti, kwa mpangilio wake wa kawaida, ujumbe ukiwa unacheza 7 inarudisha nyuma, 9 inasogeza mbele, na kufuta ni 3. Kwa hiyo mtu aliyezoea Cisco akitaka kurudia namba ya mteja kwenye Asterisk, anaufuta ujumbe bila kujua. Uzuri ni kwamba Asterisk haitupi ujumbe papo hapo. Ukiwa bado ndani ya kisanduku, bonyeza 7 tena kwenye ujumbe huohuo nao unarudi. Ukishakata simu, umekwenda. Waombe watu wa TEHAMA karatasi ya vitufe vya mtambo wenu, ibandike karibu na simu, na usione haya kuitazama kila mara.

Kujaa kwa kisanduku nako kuna madhara kuliko inavyodhaniwa. Asterisk isipobadilishwa mpangilio inapokea ujumbe 100 kwa kila folda, basi. Kikijaa, mpigaji anaambiwa kisanduku kimejaa na simu inakatika, na wewe hutajua kamwe kwamba alipiga kuacha ujumbe. Ukiweka kawaida ya kupitia folda ya zamani kila Ijumaa kabla ya kuondoka, hufiki huko.

Salamu unayorekodi inaamua nusu ya ubora wa ujumbe utakaoupata. Salamu nyingi za ofisini ni ndefu na hazimwambii mtu la kufanya. Nimejaribu namna nyingi na hii ndiyo iliyonifaa: "Umepiga simu ya Idara ya Malipo. Kwa sasa siwezi kupokea. Tafadhali anza na jina lako na namba yako, itaje polepole mara mbili, kisha eleza shida yako kwa ufupi. Ujumbe wa siku za kazi tunaujibu kabla ya siku inayofuata kuisha." Angalia kwamba namba inaombwa mwanzoni, sauti ikiwa bado imetulia na kabla muda wa kurekodi haujaisha. Angalia pia kwamba kuna ahadi yenye muda. Ahadi hiyo inakubana wewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kama huwezi kujibu ndani ya siku moja, sema siku mbili, lakini usiseme "tutakupigia hivi karibuni", kwa sababu kila mtu ana hivi karibuni yake.

Rekodi ukiwa umesimama, mlango umefungwa, na baada ya mlio subiri kidogo kabla ya kuanza, la sivyo neno la kwanza litakatwa. Ukienda likizo tumia salamu ya muda badala ya kufuta ile ya kudumu. Kwenye Asterisk, bonyeza 0 kuingia kwenye mipangilio ya kisanduku, kisha 4. Salamu hiyo inafunika zote nyingine mpaka uiondoe, kwa hiyo andika kwenye kalenda siku ya kuiondoa. Salamu inayosema utarudi tarehe 5 na leo ni tarehe 20 inamwambia mteja kwamba hakuna anayeangalia.

Namba ya siri ni suala la heshima kwa wanaokuamini na siri zao. Kisanduku kipya huja na namba ambayo kila mtu anaweza kuibahatisha: 1234, au namba yako ya ndani yenyewe. Huko Uingereza gazeti la News of the World lilifungwa Julai 2011 baada ya kubainika kwamba watu wake walikuwa wakiingia kwenye visanduku vya ujumbe vya watu wengine na kuwasikiliza, na mojawapo ya njia ilikuwa hizo namba za awali ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Hawakuhitaji utaalamu wowote. Kwa ofisi kuna hatari nyingine ya fedha: baadhi ya mitambo inaruhusu kupiga simu ya nje ukiwa ndani ya kisanduku, na wezi huitafuta nafasi hiyo usiku ili wapige namba za gharama kubwa za nchi za nje kwa bili ya ofisi. Badilisha namba ya siri siku ya kwanza, iwe na tarakimu sita au zaidi, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kama huduma ya kupiga nje kupitia kisanduku haitumiki, iombwe izimwe.

Siku hizi mifumo mingi inakutumia ujumbe kwenye barua pepe kama faili la sauti. Naipenda sana huduma hii, maana unaweza kusimamisha na kurudia kwa kipanya bila kukariri vitufe. Lakini uliza swali moja kabla hujaitegemea: ukisikiliza kwenye barua pepe, je, kwenye simu unahesabika umesikilizwa? Katika mitambo mingine vitu hivi viwili havijuani. Utamaliza kazi kwenye kompyuta huku taa ya simu inawaka, mwenzako anaiona, anausikiliza ujumbe uleule na kumpigia mteja mara ya pili kwa maelezo tofauti. Chagueni sehemu moja ya kusikilizia, na hiyo nyingine iwe akiba tu. Na sauti ya mteja isipelekwe kwenye barua pepe yako binafsi, hata kama ni kwa nia ya kumsaidia usiku.

Maandishi yanayotolewa na mashine kutoka kwenye sauti yanafaa kukuonyesha ujumbe upi uanze nao. Kwa majina ya watu, kiasi cha fedha na namba, sikiliza kwa masikio yako. Mashine hukosea palepale ambapo kosa linaumiza.

Kisanduku cha idara, kile ambacho ni cha wote, kinahitaji mwenye zamu. Kikiwa cha wote bila zamu, kila mmoja anadhani mwenzake amesikiliza. Sisi tulikuwa na daftari moja kando ya simu: tarehe, saa, mpigaji, shida, aliyekabidhiwa, na safu ya mwisho yenye kichwa "amejibiwa". Safu hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa naikagua jioni. Ujumbe haukufutwa kwenye mtambo mpaka safu ijazwe na jina la aliyejibu. Ukimpelekea mwenzako ujumbe ndani ya mfumo, tanguliza maneno yako mwenyewe machache: "Mama huyu anasubiri risiti, nimemwambia atapigiwa leo, tafadhali mpigie kabla ya saa tisa." Ukiutuma mtupu, utakaa kwake kama ulivyokaa kwako.

Na ukimpigia mteja usimpate, acha ujumbe wako na ujaze daftari kwamba umejaribu, lakini usijaze kwamba amejibiwa.

Wapo wanaosema kisanduku cha sauti kimepitwa na wakati. Makao makuu ya Coca-Cola kule Atlanta yaliondoa huduma hii kwa wafanyakazi wake mwishoni mwa 2014. Aliyepiga akaelezwa apige baadaye au atumie njia nyingine. Sina ugomvi na uamuzi wa namna hiyo. Mpigaji anajua pa kusimama. Ninachokipinga ni kisanduku kinachoachwa wazi, kinapokea maneno ya watu, na hakuna anayekifungua. Kama ofisi yako haina mtu wa kusikiliza kila siku, kifungeni, na salamu imwelekeze mpigaji kwenye barua pepe au namba yenye mtu.

Hali hiyo hutokea zaidi pale mfanyakazi anapoacha kazi. Kompyuta inarudishwa, funguo zinarudishwa, lakini namba yake ya ndani inaendelea kuita na sauti yake inaendelea kuahidi kurudisha simu. Siku ya mwisho ya mtu kazini, kisanduku chake kifunguliwe mkiwa pamoja, ujumbe uliobaki ugawiwe kwa majina, namba ya siri ibadilishwe na watu wa TEHAMA, na namba ielekezwe kwa anayeshika nafasi yake. Wateja wake wa zamani wataendelea kuipiga kwa miezi kadhaa, kwa hiyo isifutwe mapema.