Taa za Nyuma Zikigoma: Ushauri kwa Wanagenzi wa Umeme wa Magari

Mwanagenzi anayeingia gereji hapa Kisumu kwa mara ya kwanza mara nyingi hukabidhiwa taa za nyuma kama kazi ya kuanzia, kwa kuwa wengi huziona kuwa jambo dogo la kubadilisha balbu. Mimi sizioni hivyo. Dereva anayeteremka Salgaa usiku, au anayepita Timboroa kukiwa na ukungu, huwategemea walio nyuma yake waione taa hiyo ndipo wajue kwamba anapunguza mwendo. Kwa hiyo, inastahili kutafutiwa hitilafu kwa utaratibu ule ule tunaoutumia kwenye injini: usibadilishe kifaa chochote kabla hujajua umeme umefika wapi na umekwama wapi.

Anza bila zana. Mwombe mwenye gari akanyage breki, kisha awashe taa ndogo, kisha indiketa za kila upande, nawe usimame nyuma ukiandika unachokiona. Taa zote tatu za breki zikikosa kuwaka, usianze kuchokonoa balbu, kwa maana ni nadra balbu tatu kuungua kwa pamoja. Nenda kwenye fyuzi ya STOP na kwenye swichi iliyo juu ya kanyagio la breki. Ikiwaka ile ya juu pekee, fyuzi na swichi ni nzima, na tatizo liko njiani kuelekea taa za pembeni. Taa ndogo zikizimika pamoja na mwanga wa dashibodi na taa ya nambari ya gari, ishuku kwanza fyuzi ya TAIL, kwa sababu katika magari mengi ya Kijapani vyote hivyo hulishwa kutoka hapo. Na taa za breki zikibaki zinawaka hata gari likiwa limeegeshwa, inama uangalie kile kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachosukuma pini ya swichi. Kikikauka na kuvunjika, pini hutokeza, swichi hupitisha umeme usiku kucha, na asubuhi gari haliwaki.

Kuhusu balbu sina mengi. Ile yenye nyuzi mbili huwa na uzi wa wati 21 kwa ajili ya breki na uzi wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo, na soketi yake imetengenezwa ili isiingie kinyume. Hata hivyo wapo wanaoilazimisha, au wanaoingiza balbu ya uzi mmoja mahali pa nyuzi mbili, na matokeo yake njia mbili za umeme huunganishwa ndani ya soketi, hata dereva akikanyaga breki dashibodi nayo inawaka.

Sasa tuje kwenye athi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Hapa ndipo ninapowaomba mkae sana, maana huku kwetu hali ya hewa ya ziwa na kazi tunazoyafanyisha magari huiharibu kwa kasi. Chukua Probox inayobeba samaki kutoka ufuo wa Dunga kila alfajiri. Maji ya barafu huchuruzika chini ya zulia la nyuma, hukaa kwenye mikunjo ya bati, na baada ya muda nati iliyofunga waya wa athi huota kutu, na ncha ya waya wenyewe huota ukungu wa kijani. Mwenye gari atakuja akisema taa ya kushoto hufifia anapokanyaga breki, au indiketa ikipiga, taa ndogo nayo hupepesa pamoja nayo. Dalili hizo hazitokani na balbu. Umeme wa wati 21 umekosa njia ya kurudi, hivyo unajipenyeza kinyume kupitia uzi wa wati 5, na kutoka hapo unatafuta athi nzima kwenye taa za upande wa pili.

Kulithibitisha hilo ni kazi ya muda mfupi. Weka mita kwenye volti za betri, waya mweusi kwenye hasi ya betri na waya mwekundu kwenye kituo cha athi cha soketi, kisha taa ndogo ziwashwe na breki ikanyagwe. Athi nzima itakupa karibu sifuri, na mimi huikubali isipozidi volti 0.2. Mita ikikuonyesha volti 4 au 5, umeshaipata hitilafu bila kununua spea yoyote. Fungua nati, piga msasa kwenye bati mpaka chuma king'ae, safisha au ubadilishe ncha ya waya, kaza, halafu paka grisi juu yake ili unyevu usirudi.

Zingatieni kwamba kipimo hicho kinafanywa taa zikiwa zimewashwa. Wanafunzi wengi waliotoka chuoni na mita mpya huchomoa balbu, hupima soketi, huona volti 12, na kutangaza kwamba waya ni mzima. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobaki na unyuzi mmoja wa shaba utaionyesha volti 12 kamili. Balbu ya breki inahitaji takriban ampea 1.75, na mzigo huo ukiwekwa juu ya unyuzi ule, volti huporomoka. Ndiyo maana sijaacha kutumia balbu ya wati 21 iliyofungwa waya mbili, ingawa ninayo mita nzuri: ikiwaka kwa nguvu, njia inabeba mzigo, ikiwaka kwa unyonge, endelea kutafuta. Usiiguse nayo kabisa njia ya mifuko ya hewa, ambayo kwa kawaida waya zake huwa na rangi ya njano, wala waya za kompyuta ya gari. Kwenye waya za kompyuta tumia mita pekee, na zile za mifuko ya hewa usizipime hata kwa mita ya kawaida.

Mahali pengine pa kutazama ni kwenye bawaba za mlango wa nyuma, pale fungu la waya linapopita ndani ya mpira uliojikunja. Mlango wa matatu hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima, na waya hukatika ndani huku ganda lake la nje likionekana salama. Vuta kila waya taratibu. Ule unaonyumbuka kama mpira umekatika ndani.

Fyuzi inayoungua kila ikibadilishwa inaonyesha kwamba kuna shoti. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na waya huo umepita chini ya viti vya abiria. Chomoa balbu zote za njia hiyo, kisha pachika ile balbu yako ya wati 21 mahali pa fyuzi. Itawaka kwa sababu ya shoti, lakini haitaruhusu umeme mwingi wa kuunguza kitu. Tembea ukitikisa fungu la waya kipande kwa kipande, na balbu ikizimika, simama hapo hapo: mkono wako uko juu ya jeraha.

Wale watakaofanya kazi Nakuru watakutana na malori yanayoelekea Malaba, ambayo hutumia volti 24, na trela zake huunganishwa kwa plagi ya pini 7. Trela ambayo taa zake ni nzuri ikiwa imesimama, lakini hupotea kwenye kona, mara nyingi imekatika waya mweupe wa pini ya kwanza, ambao ndio athi, na sasa umeme unarudi kupitia chuma cha maungio kilichojaa grisi.

Ukiunganisha waya, usiusokote na kuuviringishia tepu tu. Ulehemu kwa risasi au ubane kwa kiungo cha shaba, uvishe mpira unaosinyaa kwa joto, kisha uufunge mbali na vyuma vyenye ncha kali. Mwisho, kabla ya kurudisha ufunguo, washa injini, washa taa zote za nyuma kwa wakati mmoja pamoja na indiketa, na umwombe dereva akanyage na kuachilia breki huku wewe ukiwa nyuma. Ukiona mwanga wa taa moja unabadilika kwa sababu nyingine imewaka, fungua tena ile athi.