Duka liko Mbale, mwenye duka yuko Bungoma: pesa inapotelea wapi?

SWALI: Niko Bungoma, nauza vyombo vya nyumbani. Mwaka jana nilifungua duka lingine Mbale, Uganda, nikamweka mpwa wangu asimamie. Kila mwezi natuma mzigo wa kama laki mbili, yeye akiuza ananitumia pesa kwa simu, lakini nikipiga hesabu elfu kumi hadi ishirini hazionekani. Yeye anasema ni reti ya kubadilisha pesa na makato. Ananiibia? Na nitasimamia vipi duka nikiwa huku?

JIBU: Mama, pole sana, na kabla hujamfukuza huyo kijana ngoja tupige hesabu pamoja, kwa sababu kwa vile umeandika siwezi kusema anaiba na siwezi kusema haibi, na hata wewe mwenyewe huwezi kujua. Unapima duka la Mbale kwa kitu kimoja tu, pesa iliyoingia kwa simu yako, na hiyo pesa imekatwa mara kadhaa njiani kabla ikufikie.

Anza na reti. Tuseme amebaki na 5,000,000 za Uganda za kukutumia. Shilingi yetu ikiwa 27 zao utapata 185,185, ikiwa 29 utapata 172,414. Hapo zimeenda zaidi ya elfu kumi na mbili na hakuna mtu ametia mkono kwa droo! Halafu ongeza makato, Uganda serikali inakata 0.5% kila mtu akitoa pesa kwa simu (ilianza 2018 ikiwa 1%, watu wakalalamika ikashushwa), kama alizitoa taslimu huko kabla ya kukutumia, kwa hizo milioni tano ni 25,000 zao, karibu mia tisa zetu, na bado wakala hajachukua yake. Kwa hivyo kijana anaweza kuwa anakwambia ukweli kabisa.

Dawa yake ni moja. Weka vitabu vya Mbale kwa shilingi za Uganda, mwanzo hadi mwisho: bei, stoki, kodi ya nyumba, mshahara wake, kila kitu. Ukibadilisha, badilisha mara moja kwa mwezi, siku pesa inatumwa, na uandike reti ya siku hiyo kwa kitabu. Tofauti ya reti iwe na mstari wake peke yake, isichanganywe na mauzo. Na fungua akaunti ya benki huko, KCB na Equity zote ziko Uganda, awe anaweka mauzo kila jioni badala ya kukaa nayo kwa simu yake, na wewe uone kila siku kimeingia nini.

Najua kwa nini hukufanya hivyo mapema. Watu wa Bungoma na wa Mbale mnasikilizana, Mbukusu akiongea Mgisu anaelewa, mnaoana, unavuka Malaba na kitambulisho tu, basi unaona ni kama duka la Kanduyi lililosogea mbele kidogo. Lakini pesa yao ni nyingine, VAT yao ni 18% sisi 16%, na mwajiri lazima apeleke NSSF hata kama mfanyakazi ni mmoja, 10% kutoka kwako na 5% kutoka kwa mshahara wake. Tangu ufungue umekuwa ukitoa hiyo 10%? Kama hapana, hiyo ni deni na liko kwa jina lako. Kibali cha kazi pia, Mkenya halipishwi ada Uganda lakini kibali chenyewe lazima kiombwe.

Sasa mzigo. Sufuria na ndoo zilizotengenezwa hapa Kenya zinaweza kupita na cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki (karatasi ya kuonyesha bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya), mzigo usizidi dola 2,000, na ushuru wa forodha hutozwi, ingawa cheti hakikuondolei VAT. Lakini thamosi za China hazihusiki na cheti hicho hata kama ulizinunua Nairobi. Tenganisha hizo bidhaa kwa invoisi, na usikubali mtu akuambie kuna njia ya panya ni rahisi, mzigo ukishikwa huna karatasi ya kuonyesha ni wako.

Kitu ambacho kitajibu swali lako ni kuhesabu stoki. Kuna biashara moja ya hapa Kisumu nilikuwa nawafanyia hesabu, walikuwa na duka Jinja. Kila mwezi meneja alikuwa anatuma picha za stoo kwa WhatsApp, maboksi yamepangwa mpaka dari, mwenye duka ametulia. Siku tulienda bila kusema tukaanza kushusha. Mistari miwili ya mbele ilikuwa mizito. Ya nyuma ukishika boksi linainuka na mkono mmoja, ni tupu, limebandikwa selotepu mpya. Picha haina uzito mama, lazima ushike.

Kwa hivyo nenda wiki hii, usimwambie siku. Beba nakala za dilivari zote tangu ufungue. Hesabu kilichotumwa, toa kilichouzwa kwa kitabu cha risiti, kinachobaki ndicho kinafaa kuwa kwa rafu, kipande kwa kipande, sufuria na mfuniko wake. Vipande vikitimia, na pesa ya kitabu cha risiti ikilingana na aliyotuma pamoja na matumizi ya duka na makato, kijana ni msafi, na pesa yako imeliwa na reti na makato, muombe msamaha kama ulishamtupia neno. Vikipungua, mkae chini muulizane kuhusu vipande hivyo kwa majina, sufuria namba fulani, ndoo za lita fulani, na kila mmoja aandike hesabu yake na asaini.

Baada ya hapo fanya hivyo kila miezi miwili, na katikati tuma mtu mwingine, si yule yule kila mara. Kwa upande wa kodi, ukitaka kuendelea huko sajili kampuni Uganda kupitia URSB, ofisi yao ya kusajili biashara, na uchukue TIN, namba ya mlipa kodi, ya URA, mamlaka yao ya kodi, tafuta mhasibu wa hapo Mbale awe anajaza ritani, lakini vitabu nakala yake ikae kwako Bungoma. Ukishahesabu niandikie tena na uniletee namba tatu: vipande ulivyotuma, vilivyouzwa, na vilivyo kwa rafu.