Papiloma ya zoloto na virusi vya HPV: kwa wanaoanza kazi katika idara ya masikio, pua na koo

Wenzetu mnaoanza kazi katika idara hii mmejifunza darasani kwamba virusi vya HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na wengi huingia kliniki wakidhani kwamba popote virusi hivyo vinapotajwa, saratani ipo jirani. Kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, hali ni tofauti. Aina ya 6 na ya 11, ambazo ni nadra kuleta saratani, ndizo zinazootesha papiloma, yaani vivimbe vinavyofanana na chunjua, kwenye nyuzi za sauti, na mtoto anaweza kupoteza maisha kwa uvimbe usio na chembe ya saratani, kwa sababu tu umeziba njia ya hewa.

Anzeni na sauti. Mtoto wa miaka 2 au 3 ambaye sauti yake imekwaruza kwa miezi, na sasa anatoa mlio akivuta pumzi, mara nyingi ataletwa kwenu akiwa ameshapewa dawa za pumu bila nafuu. Mlio wa pumu husikika zaidi hewa inapotoka, ilhali wa zoloto husikika zaidi hewa inapoingia, na pumu yenyewe haimkaushi mtoto sauti miezi yote hiyo. Sauti ambayo haijapona katika wiki 4 inastahili kutazamwa kwa kamera ya koo, na mtoto anayehangaika kupumua asisubiri hata siku moja.

Chini ya hadubini ya upasuaji papiloma huonekana kama tunda la forosadi lililopauka, na hapo ndipo daktari mgeni hushikwa na hamu ya kusafisha kila kitu. Jizuieni. Tangu mwaka 1983 inajulikana kwamba vinasaba vya virusi hivi hukutwa hata kwenye utando unaoonekana mzima kabisa pembeni mwa uvimbe, kwa hiyo hakuna kisu wala leza inayoweza kuvimaliza. Tunapasua ili mtoto apumue na asikike. Papiloma ikirudi baada ya wiki au miezi, haimaanishi kwamba kazi ilifanywa vibaya. Mahali pa kuogopa ni pembe ya mbele, zinapokutana nyuzi mbili za sauti: mkizichuna pande zote mbili kwa wakati mmoja, zitaungana kwa kovu, na kovu hilo litamsumbua mgonjwa hata baada ya papiloma kutulia. Ni afadhali kubakiza kidogo upande mmoja kwa ajili ya safari nyingine. Kutoboa koo ili kuweka mpira wa kupumulia nako kuachwe hadi pasiwe na njia nyingine, kwani papiloma huweza kuota kwenye tundu hilo na kushuka chini ya koo.

Mama atawauliza mtoto aliupata wapi ugonjwa huu. Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi virusi hupita kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, hasa kwa uzao wa kwanza wa mama mwenye umri mdogo, ila watoto walio wengi wa akina mama wenye masundosundo (chunjua za sehemu za siri) hawaugui kamwe. Mwelezeni akiwa peke yake. Neno hilo likitamkwa mbele ya mawifi, mnaweza kumvunjia ndoa kwa jambo ambalo huenda hakuwahi kujua analo.

Akiuliza kuhusu chanjo, someni kwanza jina la chanjo yenyewe. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Lakini zipo chanjo zinazolenga aina ya 16 na 18 peke yake, na hizo hazitazamiwi kuzuia papiloma ya zoloto kama zile zenye aina ya 6 na 11. Australia, iliyoanza mwaka 2007 na chanjo yenye aina zote nne, imeona ugonjwa huu ukipungua sana kwa watoto.

Msigeuke kuona HPV katika kila kinachoota. Vinundu vya nyuzi za sauti vya mwalimu au muuzaji anayenadi sokoni hutokana na matumizi ya sauti. Papiloma ya puani inayoota kuelekea ndani ni mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa virusi hukutwa kwa baadhi ya wagonjwa na kukosekana kwa wengine wengi, na kukutwa kwake peke yake hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyoanzisha uvimbe.

Kinyama kilichokatwa kwenye papiloma kipelekwe maabara, hata mgonjwa akiwa amepasuliwa mara nyingi, kwa maana kwa wagonjwa wachache papiloma hugeuka kuwa saratani, hasa ikifika mapafuni. Msiagize kipimo cha p16 (protini inayotumika kama alama ya HPV) kwa ajili ya papiloma ya zoloto. Hicho husaidia kwenye saratani za koromeo, na kwa aina ya 6 na 11 majibu yake hayategemeki. Kwenye fomu andikeni umri, sehemu kamili kilipotoka kinyama, na tarehe ya upasuaji uliotangulia, ili mpatholojia aweze kulinganisha na vipande vya zamani.