Kimbunga: kikosi cha zimamoto kianzie wapi?

Swali: Kikosi chetu hapa Lindi kimezoea moto wa nyumba na ajali za barabarani. Sasa tumeagizwa kuandaa mafunzo ya vimbunga na mafuriko makubwa. Tuanze na lipi?

Jibu: Afande, anzeni na kutengwa. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mkoa ukabaki bila njia yake kuu ya msaada. Wala hili si jambo la mara moja: kimbunga kiliipiga Lindi yenyewe Aprili 1952, na Kenneth cha mwaka 2019 kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Kwa hiyo zoezi la kwanza liwe la kikosi kujitegemea kwa saa 72, kwa mafuta, chakula, maji ya kunywa, betri za redio na zamu za kulala, huku magari yakiwa yametawanywa pande zote za mito mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari.

Muda mwingi zaidi upeni uokoaji wa majini, kwa sababu mazoea ya moto huua hapo. Koti zito na mabuti ya kuzimia moto hujaa maji. Yavuliwe, na kila askari anayesogelea ukingo avae jaketi okozi hata kama hatarajii kuingia majini. Kila mmoja ajifunze kurusha kamba inayoelea iliyopangwa ndani ya mfuko: amwite kwanza mhanga ili amtazame, ashike ncha ya kamba, kisha arushe mfuko upite kichwa cha mhanga ili kamba imwangukie mabegani. Asiizungushe mkononi wala kuifunga kiunoni, kwani mkondo ukimzidi mhanga utamchukua na mwokoaji. Dereva naye akumbuke kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kulibeba gari.

Kiwango cha upepo ambacho magari hayatatoka kiandikwe mapema, maana ni vigumu mno kumkatalia anayelia kwenye simu ya 114.

Mazoezini waiteni wavuvi, wanaoijua mikondo na wenye mashua, pamoja na wenyeviti wa mitaa na vijiji, ili kila mwenyekiti aje na orodha ya nyumba zenye wagonjwa, wazee na walemavu wasioweza kuondoka wenyewe. Hao ndio wa kuhamishwa kwanza, kabla upepo haujaanza.