Upepo wa tairi za tela, Gibb River Road

Kaka, umeuliza kama tairi za tela nazo zipunguzwe upepo kabla ya kuingia Gibb River Road, ile barabara ya vumbi ya kaskazini mwa Australia Magharibi. Ndiyo, zote, na tela ndilo watu wanalolisahau. Barabara ina kama kilomita 660 toka Derby hadi upande wa Kununurra, na sehemu kubwa ya vumbi ni mawimbi tu, kama rasta zisizoisha. Ukiwa na 40 psi (kipimo cha upepo wa tairi) kwenye lami, shuka hadi 28 hivi, halafu usizidi kilomita 80 kwa saa. Tairi laini ukiikimbiza inachemka na kupasuka. Beba kompresa ya kurudishia upepo.

Mzigo mzito, hasa maji, uukalishe karibu na ekseli ya tela. Uzito unaolalia ndoana ya gari uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa tela likiwa na mzigo wake. Ukiwa mdogo sana tela litacheza mkia. Kila ukisimama shika kitovu cha gurudumu (habu): kikiunguza mkono, huenda beringi yake ina shida.

Pale barabara inapovuka mto Pentecost usishuke kupima kina kwa miguu. Mamba wapo.